Mikono Miwili ya Mama Mapasa

Mama yetu hakuwahi kutupatia kitu kwa mkono mmoja. Alikuwa amezaa mapacha, na kwa watu wake wa Maniema, kama kwa majirani wetu wa komini ya Tshopo, mjini Kisangani, mapacha hupewa kwa pamoja: mkono wa kulia kwa mmoja, wa kushoto kwa mwenzake, kitu kilekile, saa ileile. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, aliyenyimwa anaweza kukasirika akaondoka zake, na pacha akiondoka maana yake amekufa. Mama aliliamini hilo kwa moyo wote. Tangu siku tuliyozaliwa, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Mtaa mzima ulimwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kwa hiyo nilikunywa dawa nyingi za magonjwa ambayo hayakuwa yangu. Dada yangu akiumwa tumbo, nami nilibanwa pua nikanyweshwa majani machungu. Nikichubuka goti, la kwake nalo lilifungwa kitambaa. Tulisimuliwa kwamba siku ya chanjo dawa ilikuwa imebaki ya mtoto mmoja tu, na mama, badala ya kuchanja mmoja, alituweka begani na mgongoni akarudi nyumbani na wote wawili. Tulichanjwa baadaye, kila mmoja begani, na makovu yetu mawili yalikuwa mahali pamoja kabisa.

Tulifanana mpaka inachosha. Papa, yaani baba yetu, alifanya kazi kwenye treni ya Ubundu, na kila aliposhuka akafika nyumbani, alitutazama akanyamaza kwanza, akisubiri. Atakayeanza kuuliza swali ndiye mimi. Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza: kwa nini samaki hana kope, kwa nini mto Tshopo unapiga kelele na ule mkubwa umenyamaza. Papa alikuwa akisema kuuliza si ujinga, lakini huyu mtoto amezidi.

Tulipokua, maisha yakatugawa, jambo ambalo mama hakulipenda. Dada yangu alichukia shule na kupenda biashara. Akawa anakausha samaki waliopanda kutoka Yanonge na kuwauza katika soko la Tshopo. Mimi nikapata nafasi chuo kikuu, kitivo cha sayansi. Mmoja sokoni, mmoja chuoni: mama aliona mizani imeinama, akatafuta namna ya kuisawazisha. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, mimi nilipaswa kukaa nyuma ya meza ya samaki. Na kila jioni dada yangu alipaswa kukaa kwenye mkeka akasikiliza yote niliyojifunza mchana. Hakulalamika. Alikuwa akifumba macho, nami nikidhani amelala, kumbe anasikiliza.

Kikohozi chake kilianza katika msimu wa mvua. Tulisema ni moshi wa samaki. Halafu akaanza kutoa jasho usiku, na kitenge chake kikawa kinamzunguka kiunoni mara mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo nikamshika mkono tukaenda hospitali, mama akitufuata nyuma. Walichukua makohozi yake, wakatuambia ni kifua kikuu, na kwamba kinapona ikiwa mgonjwa atameza vidonge vyake vyote, kila siku, kwa miezi mingi. Muuguzi alimwonyesha kimoja chekundu akamwonya asiogope: hicho kitageuza mkojo wake uwe na rangi ya mafuta ya mawese. Mama aliomba dawa za watu wawili. Muuguzi alinipima kifua, akaona mimi sina kitu, akakataa. Mama aliomba tena, kisha akanyamaza, na mimi nikafurahi kwamba amenyamaza. Ningejua, nisingefurahi.

Sasa swali likanikaa kichwani. Tulilala kitanda kimoja, tulikula sahani moja, tulitoka katika yai moja. Kwa nini yeye na si mimi? Majirani walikuwa na jibu lao. Kwenye bomba la maji niliwasikia wakisema kikulacho ki nguoni mwako, na wote wakaangalia mashavu yangu, ambayo kwa bahati mbaya yalikuwa yamenenepa mwaka ule. Maana yake mimi ndiye ninayemla mwenzangu. Niliondoka na ndoo nusu, nikalia njia nzima. 

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Ulaya. Alikuwa mtu mfupi, mwenye abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai, iliyombana tumboni na begi lililojaa fotokopi. Alituambia kwamba atakachofundisha hakimo katika kitabu chochote cha maktaba yetu, kwa kuwa huko kwenyewe watu ndiyo wametoka kukigundua: jeni za vipokezi vya seli T. Alianza na swali, na kwa swali ndipo aliponikamata.

Mtoto anayezaliwa leo Kisangani, alisema, hajui atakutana na ugonjwa gani. Labda atakutana na kijidudu ambacho babu zake wote hawakukiona. Seli T ni walinzi wake, na kila mlinzi anamtambua adui kwa kipokezi kilicho juu ya ngozi yake, kipokezi kinachoshika umbo fulani tu na kuacha mengine. Maumbo ya maadui hayana hesabu. Kama kila kipokezi kingehitaji jeni yake, seli isingekuwa na pa kuziweka. Basi mwili unafanyaje?

 Umeme ulikatika, ukarudi, yeye akaendelea kungoja jibu.

Mwili hauweki vipokezi, alisema mwishowe; unaweka vipande. Seli T ikiwa bado changa, katika tezi iliyolala nyuma ya mfupa wa kifua, inachukua kipande kimoja katika fungu la kwanza, kimoja katika la pili, kimoja katika la tatu. Inakata vilivyo katikati na kuvitupa, inaunga vilivyobaki. Kipokezi kina nyuzi mbili: mmoja unatoka katika mafungu matatu, mwenzake katika mafungu mawili. Na pale penye kiungo, herufi kadhaa za jeni zinaongezwa au kupotea ovyo, bila mpango wowote. Kila seli inaunga kivyake, na ikishamaliza imemaliza. Kisha unakuja mtihani. Seli isiyojua kushika chochote katika mwili wenyewe inaachwa ife. Inayoshika vitu vya mwili kwa nguvu mno nayo inauawa, maana kesho ingemshambulia mwenye nyumba. Zinazotoka hai ni chache.

Nilinyoosha mkono kabla sijajua nitasema nini. Nikauliza: na mapacha? Wale wa yai moja, wenye jeni zilezile?

Aliweka chaki mezani. "Hata mapacha, citoyenne," alisema, akiniita mwananchi kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. "Vipande vyao ni vilevile. Kuunga, kila mmoja anaunga peke yake."

Sijui kama wanafunzi wengine waliona uso wangu. Maisha yangu yote nilikuwa nusu ya kitu. Sasa mtu ananiambia kwamba kifuani mwangu kuna mahali ambapo sikugawana na mtu, mahali ambapo hata mikono miwili ya mama haikufika. Nilifurahi sana. Na papo hapo nikaona haya, kama vile nimemwibia dada yangu.

Alieleza na jambo moja zaidi. Kipokezi hakimwoni kijidudu kizima. Seli nyingine inakimeza, inakikatakata, halafu inatoa nje kijipande kikiwa juu ya kitu mfano wa sahani, na seli T inashika vyote viwili kwa pamoja, kijipande na sahani. Sahani hizo ni za kurithi; watu baki hutofautiana, ila mapacha wa yai moja sahani zao ni moja. Baada ya darasa nilimfuata nikamweleza habari za nyumbani. Alinisikiliza, kisha akanionya nisichukue jambo moja nikaeleza nalo kila kitu. Kuna moshi, kuna chakula, kuna nani alikaa karibu na nani aliyekohoa. Labda vipokezi vyangu vilikuwa na bahati, labda sivyo. Yeye hakujua, na hakuna aliyejua. Nilimheshimu kwa jibu hilo ingawa halikunishibisha.

Jioni nilimsimulia dada yangu yote, yeye amelala ubavu kwenye mkeka. Alicheka niliposema sahani zetu ni moja hata ndani ya damu. Kuhusu zile seli zinazokufa katika mtihani, aliuliza nani anazililia. Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali nisilokuwa nimelifikiria, nikakasirika kidogo.

Lakini hakuwa anapona. Miezi ilipita, vidonge vilikwisha na kuletwa vingine, na mgongo wake ukazidi kuonyesha mifupa. Alianza kukaa chini ya meza yake sokoni badala ya nyuma yake. Hospitali walimwuliza kama anameza dawa zote. Alisema ndiyo, mama akasema ndiyo. Waliangalia tena makohozi, vijidudu bado vimo. Nilimwona muuguzi akimwangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayepima kitambaa cha sanda. Siku hiyo niliogopa kwa mara ya kwanza kwamba dada yangu atakufa, na kwamba itakuwa kabla ya mvua nyingine.

Asubuhi moja nilienda chooni, nikatazama chini, nikaona rangi ya mawese.

Nilisimama pale nimeshika kitenge changu. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba sasa ni zamu yangu, nimeshikwa na ugonjwa mpya. Jambo la pili lilikuja polepole. Uji wangu wa asubuhi ulikuwa mchungu kwa muda mrefu sasa. Nililaumu unga, nililaumu sukari, siku moja nikamlaumu hata papa aliyeinunua. Na rangi ile labda ilikuwepo siku nyingi. Chooni kwetu hapakuwa na mwanga, na siku hiyo mvua ilikuwa imeondoa bati moja. Mimi, mwenye kuuliza kope za samaki, sikuwa nimeuliza kwa nini uji ni mchungu.

Nilimkuta mama jikoni na mabakuli mawili mbele yake. Alikuwa amefungua kile kidonge chekundu katikati, na unga wake akautia nusu huku, nusu huku, kwa ncha ya kisu, kwa uangalifu mkubwa. Vile vyeupe alikuwa amekwisha kuvivunja. Hakushtuka wala hakuficha.

"Niliwazala bote siku moja," alisema. "Kama dawa inaingia kwa mumoja, mwenzake atabaki na nini?"

Nilipiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele, lakini siku ile nilipiga. Ndipo dada yangu alipotokea mlangoni, ameshika ukuta, akaniambia ninyamaze kwa kuwa yeye alijua. Alijua tangu siku ya kwanza na alikubali.

"Donc, basi mimi napona, wewe unakufa?" alisema. "Uzima ya vile iko ya kazi gani?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi dada yangu alikuwa ananipa nusu ya uhai wake katika uji, nami namlaumu papa kwa sukari. Nilikaa chini sakafuni. Hasira ilikuwa bado ipo, ila haikujua tena impige nani.

Ningeweza kusema kwamba muuguzi amekataza, lakini mama alikuwa amekwisha kumsikia muuguzi. Ilibidi nimwonyeshe. Nilikwenda chumbani nikaleta kopo lake la shanga, zile alizotutungia za kiunoni tulipokuwa wadogo, akihesabu rangi moja moja ili zisipishane hata kidogo. Nilizigawa katika mabakuli matatu, kila moja lina rangi zote. Nikampa nyuzi, nyingine zangu, nyingine za dada yangu. Nikamwambia afumbe macho, achukue ushanga mmoja katika kila bakuli, atunge, kwanza kwangu, kisha kwake.

Alifumba. Tulimwangalia vidole vyake vikipapasa. Alipofumbua, uzi wangu ulikuwa mwekundu, mweupe, mwekundu. Wa dada yangu buluu, kijani, mweupe. Mama alisema nimemchanganya, akaanza tena. Safari hii alinilazimisha na mimi nifumbe macho. Alitunga jozi baada ya jozi mpaka jua likaingia jikoni. Katika zote, jozi moja ilifanana kabisa, naye akainyanyua juu kwa ushindi.

"Iyi inafanana," alisema.

Nilikubali. Nilimwambia hata katika damu zipo zinazofanana, lakini angalie zile nyingine zilizotapakaa magotini pake. Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo walinzi wetu walivyotungwa: kopo ni moja, lile alilotupatia yeye, lakini kila mmoja wetu alichukua akiwa amefumba macho.

Aliuliza nani anachagua. Nilimjibu hakuna, inatokea tu. Alisema hakuna kitu kinachotokea tu, ni Mungu, na mimi sikubishana, kwa kuwa sikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Nilimwambia nililokuja kusema.

"Mama, vijidudu vyake havinijue mimi. Dawa ukiigawa haimutoshe yeye, na mimi haina kazi kwangu. Mikono yako mbili iko inaua mutoto mumoja."

Nilijutia mara tu neno lilipotoka, lakini sikulirudisha. Mama alianza kuokota shanga, moja moja, akizirudisha katika kopo. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Dada yangu alitaka kumsogelea, nikamzuia kwa jicho. Kopo lilipojaa, mama alinitazama.

"Na wewe sasa," aliniuliza, "nikupatie nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Mimi mwanafunzi wa sayansi nilikuwa nikifikiri anapigania dawa, kumbe alikuwa akiuliza jinsi ya kuwa mama yangu. Nilimwambia chochote. Nilimwambia hata karanga.

Tulirudi hospitali siku ileile tukasema ukweli wote. Muuguzi alikasirika, halafu akaketi, halafu akasema nusu dawa inaweza kuwafundisha vijidudu kuizoea, na tuombe havijajifunza bado. Akamwanzishia dawa upya. Kesho yake asubuhi mama alitoka jikoni na mikono miwili imefumbwa. Akaifungua kwa pamoja: mkono wa kulia, vidonge vizima vya dada yangu, mkono wa kushoto, karanga moja, yangu. Tulimeza na kutafuna pamoja, akitusimamia mpaka tulipomaliza. Alifanya hivyo kila asubuhi. Siku niliyotoka mapema kwenda kufanya mtihani bila kula karanga yangu, alinifuata nayo mpaka njiani.

Katikati ya miezi hiyo walipima watu wa nyumba yetu kwa sindano ya mkononi, ile inayouliza seli T kama zimewahi kukutana na kijidudu hicho. Mkono wangu ulivimba. Labda ilikuwa ile chanjo ya utotoni, ya kifua kikuu, alisema muuguzi. Labda kijidudu kilikuwemo ndani yangu tangu siku nyingi, walinzi wangu wamekizingira na kukifungia. Hakuna njia ya kujua. Niliutazama uvimbe ule kwa hamu kubwa, nikiugusa mara kwa mara, kwa kuwa hatimaye nilikuwa naviona vipokezi vyangu vikifanya kazi. Kisha nikakumbuka mama, na hamu ikanitoka. Mama alikuwa na ukweli, au nusu ya ukweli. Labda nilikuwa nacho kweli. Akijua, atagawa tena.

Sikumficha. Alishika mkono wangu, akausoma uvimbe kwa kidole gumba, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akauliza kama walinzi wangu wamekikamata. Nikasema hivyo ndivyo wanavyodhani. Aliuachia mkono wangu akaenda jikoni, na mimi nililala vibaya. Asubuhi mikono miwili ilifunguliwa mbele yetu. Kulia, vidonge, vizima vyote. Kushoto, karanga.

Dada yangu alinenepa polepole. Kitenge kikarudi kuzunguka mara moja. Majirani kwenye bomba wakapata mwingine wa kumsema, na papa, akishuka kutoka Ubundu, akaanza tena kunyamaza mlangoni akisubiri swali, kwa kuwa mashavu yetu yalikuwa yameanza kulingana. Hospitali waliangalia makohozi yake, wakaangalia tena, wakasema basi, dawa zimekwisha, ajiendee zake.

Kesho yake nilidhani mama atapumzika. Tulikuwa tumekaa barazani, dada yangu anafunga samaki wake, mimi natafuta kiatu. Mama alitoka jikoni na mikono imefumbwa, yote miwili, kama siku zote. Alisimama mbele yetu akaifungua. Katika wa kushoto palikuwa na karanga. Dada yangu alichungulia katika wa kulia, akaweka kikapu chini, akaichukua karanga yake.